Ngano Iliyokobolewa Kwingine

Sikusimuliwa na mtu. Mashine nilikuwa naiendesha mimi, unga niliukinga kwa mikono hii, na nilichokitapika nilikiona kwa macho yangu kabla sijakifukia. Kwa hiyo kama unasoma ili ubishe, weka karatasi chini ukafanye kazi nyingine. Na usitegemee habari za usiku na bundi. Haya yalinipata jua likiwa juu, watu wako kazini, kuku wanatembea uwanjani. Ndiyo maana mpaka leo siwezi kuyasema bila kutema mate.

Mimi ni mtu wa Daudi, juu kule Mbulu, kwenye baridi. Shule niliishia darasa la tatu, baba akanihitaji kwenye ng'ombe. Sijutii. Nilishuka Hanang miguu mitupu wakati mashamba ya ngano yalipokuwa ya serikali, ngano imetanda mpaka macho yanachoka, kombaini zimepangwa kama tembo kwenye maji. Nilianza kwa kubeba magunia. Nikapaka grisi. Injini nilijifunza kwa kutazama, hakuna aliyenifundisha. Mwisho wakanikabidhi mashine ya kusaga ya kambi, na kuanzia siku hiyo sikubeba tena gunia la mtu mwingine. Leo nina mashine zangu mwenyewe pale Katesh. Nasema haya ili ujue unaongea na mtu wa namna gani. Mimi siyo wa kuona mizimu kwenye kila kichaka.

Sasa tulia nikueleze hiyo mashine, maana usipoielewa, hutaelewa kitu.

Ilikuwa na sehemu mbili juu ya injini moja. Ya juu inakoboa, inatoa ganda. Ya chini inasaga. Unamimina ngano mdomo wa juu, inakobolewa, inateleza yenyewe kwenye mfereji wa bati, inaingia kwenye nyundo za kusaga, unatoka unga. Pumba zinatokea kando. Mtu akishakoboa kwao kwa kinu na mchi, basi anamimina kwenye mfereji, anaruka ile sehemu ya juu. Na pale mwisho wa mfereji, kabla ya nyundo, mafundi wa karakana walifunga kibati kilichounganishwa na honi ya trekta bovu. Jiwe au msumari ukigonga kibati, honi inalia, nazima injini, nyundo zinapona. Kila nafaka ilipita juu ya kibati kile, iwe imekobolewa hapo hapo au imekobolewa nyumbani. Shika hilo.

Na malipo yalikuwa hivi: kwa debe moja la mtu, kopo moja la unga linabaki kwangu. Pumba pia zinabaki, nampa nguruwe. Hiyo ndiyo desturi ya mashine popote, wala hakuna mtu aliyewahi kunibishia.

Ilikuwa wakati wa kuvuna. Kambi nzima iko mashambani, mchana, hakuna foleni. Nikainua macho, nikamwona mwanamke amesimama mlangoni na debe kichwani. Sikumsikia akija. Amejifunga shuka jeusi lililochakaa, kichwa kimenyolewa, na miguu ina tope bichi mpaka kwenye vifundo. Tope! Kiangazi kile hata ng'ombe walikuwa wanalamba vumbi.

Kichwa kilichonyolewa nikakijua. Mfiwa.

"Karibu mama. Pole na msiba."

Hakusema asante. "Nisagie," akasema.

"Na ganda lake, au nikoboe?"

"Koboa. Nataka unga ambao watu watakula."

Kwa sisi Wairaqw kuna kitu kinaitwa metimani. Nyumba ikipatwa na kifo cha namna fulani, au mimba ikiharibika, wenye nyumba hiyo wanakaa peke yao. Hawagawi chakula, hawaazimi jembe, hawali na jirani, mpaka muda uishe na wazee wawatoe. Chakula chao ukikila, balaa lao limekuwa lako, na mwenye mimba ndiye wa kwanza kuumia. Kule Daudi ningemuuliza mama yule kabla hajatua debe: umeshatolewa? Wala asingethubutu kuja. Lakini kambini tulikuwa tumejidanganya. Tulisema hapa ni shamba la serikali, mambo ya milimani yabaki milimani. Mmbulu, Mbarabaig, Mnyaturu, wote sahani moja. Kumuuliza mtu mambo ya metimani kulionekana ushamba. Basi hakuna aliyeuliza, wala mimi sikuuliza.

Nikawasha injini, nikamimina. Punje za kwanza hazijafika kwenye nyundo, honi ikalia. Nikazima. Nikafungua, nikapapasa kila kona. Hakuna jiwe, hakuna msumari. Nikawasha tena. Ikalia tena, na safari hii ililia kama ndama aliyekabwa koo, na nilipozima injini iliendelea kidogo kabla ya kukata pumzi.

"Mashine yako inalia nini?" akauliza yule mama.

"Kuna jiwe kwenye ngano yako."

"Hakuna jiwe. Nimechagua mwenyewe. Nilikuwa na muda mwingi wa kuchagua."

Nilikuwa nimesogea karibu yake, na hapo ndipo harufu ikanifikia. Umewahi kufungua shimo la nafaka lililoingiwa na maji? Ule uchachu wa joto unaopanda na kukushika nyuma ya ulimi? Ndiyo hiyo. Nikarudi nyuma. Akajaza ngano yake kwenye debe, kisha akainama, akaanza kuzoa na pumba.

"Pumba ni za mashine, mama."

"Hizi ni zangu," akasema, na akazikomba mpaka ya mwisho kwa kucha ndefu zenye weusi chini yake. Niambie wewe, mtu gani anapigania pumba? Akaondoka. Alichosahau ni konzi chache zilizokuwa zimekwama kwenye mdomo wa juu.

Jioni akaja rafiki yangu Gidamis, Mbarabaig wa pale bondeni, dereva wa kombaini na fundi wa kweli. Alikuwa mweupe kwa vumbi na makapi kama walivyokuwa wote wakitoka shambani, nyusi hazionekani. Nikamweleza.

"Wewe Mmbulu," akasema, "mashine imechoka kusikia lugha yenu, ndiyo maana inalia."

"Na wewe ng'ombe zako zikikuona zinacheka. Hebu tazama kibati hiki."

Akakitazama. Kizima. Tukamimina ngano ya kwangu mdomo wa juu: ikapita kimya. Tukachukua konzi moja ya ile ya mama, mdomo wa juu: honi. Ya kwangu tena: kimya. Ya mama: honi. Gidamis akaacha kucheka, akakuna kichwa.

"Kinachofika kwenye kibati ni nini?" akauliza. "Si punje tupu? Ganda si limeshatoka huko juu?"

"Limetoka."

"Basi ngoja."

Akachukua konzi iliyobaki, akaenda nayo nyumbani kwangu, akaazima kinu kwa mke wangu Paulina. Akaitwanga mwenyewe, akaipeta, akaja na punje tupu kwenye kiganja. Tukazimwaga kwenye mfereji. Zikapita juu ya kibati, zikaingia kwenye nyundo.

Kimya.

Punje ni zile zile! Za debe lile lile! Zikikobolewa na mashine yenyewe, honi inalia. Zikikobolewa kando na kuletwa zikiwa tupu, honi haina habari. Na kwenye kibati, mara zote mbili, kinachofika ni punje isiyo na ganda. Sasa honi ilikuwa inaona nini?

"Honi yako imelewa," akasema Gidamis. "Kata waya ulale."

"Waya sikati."

"Basi ilee kama mtoto."

Tukacheka. Ule unga kidogo tukaupuliza ukapotea. Sisi wawili na Paulina ndio tuliojua habari ile, hakuna mwingine. Lakini kesho yake, mchana ule ule mtupu, yule mama alisimama tena mlangoni, na ndani ya debe hapakuwa na ganda hata moja. Punje tupu, nyeupe kama meno.

"Nimekoboa mwenyewe," akasema. "Sasa haitalia."

"Nani alikuambia?"

Akalisogeza debe miguuni pangu. Nikasema moyoni, pengine Gidamis amepayuka huko. Nikawasha, nikamimina kwenye mfereji. Haikulia. Nakuambia hata injini yenyewe ilipunguza sauti, kama mtu anayepita mbele ya chumba cha mgonjwa.

Ninyi mnaojua mashine ya kusaga mnajua vumbi lake. Ukikaa humo kidogo tu, kope nyeupe, masikio meupe, hata mate meupe. Mimi nilikuwa hivyo. Yeye alisimama pembeni yangu, vumbi linapanda mbele ya uso wake, na halikumgusa. Lilifika kwenye ngozi yake, likageuka, likashuka. Shuka lake lilibaki jeusi. Kichwa chake kile cha kipara kilikuwa safi kama jiwe la mtoni. Nilimtazama, na nilichokihisi siyo woga. Kinyaa. Kama unapoinua jiwe ukakuta vile vidudu vyeupe.

Akachota kopo langu la ujira. Hakulijaza, alilifurisha mpaka likawa kilima.

"Mpelekee mama," akasema. "Ale yeye kwanza. Mwenye watu wawili ndani anataka unga mzuri."

Msomaji wangu, mimba ya Paulina ilikuwa changa. Tumbo halijaonekana. Tulikuwa tumeingoja kwa muda mrefu mpaka mama yangu alikwishaanza kunitafutia mke mwingine huko Daudi, na Paulina alikuwa akijua, na alikuwa analia akidhani nimelala. Hatukuwa tumemwambia mtu. Hata Gidamis hakuwa anajua.

"Unatoka wapi wewe?" nikamuuliza, na sikumwita mama tena.

"Masakta. Nyumba ya mwisho kabla ya korongo."

Akabeba debe, akaenda. Unga nikaupeleka nyumbani. Utasema, kwa nini? Kwa sababu ulikuwa ujira wangu, nimeutolea jasho, na mtu aliyelala njaa kama mimi hatupi unga kwa sababu ya harufu ya mtu. Hata leo hiyo siyo hoja ya kunilaza macho.

Paulina alikuwa anawakaangia maandazi watu wa kombaini. Alfajiri akautoa ule unga uani kwenye ungo ili aukande. Nikamsikia anatapika nje. Nikatoka.

"Unga huu unanuka maiti," akasema, ameshika ukuta.

Nikaunusa. Niamini, ulinukia vizuri. Ulinukia kama mkate unaotoka jikoni.

"Ni mimba hiyo, Paulina."

"Ni mimba, ndiyo. Na mimba haiutaki." Akausukuma ungo kwa mguu, kwa mguu kabisa, mwanamke aliyekuwa akiokota punje moja moja. "Uutoe nyumbani kwangu."

Gidamis akaja kutafuta chai. Akaukuta unga pale nje, akasikia kisa kizima, akashangilia habari za mimba mpaka akanipiga mgongoni. Halafu akasema, "Shemeji, mtoto huyo anachagua kama mkaguzi wa serikali! Kama hukaangi, nitakaanga mwenyewe." Na akakaanga, yeye na mwenzake wa kombaini, uani kwangu, wakibishana juu ya sukari. Paulina akaenda kukaa upande upepo unakotoka, amejifunga khanga puani.

Tukala. Nisikudanganye, sijawahi kula andazi tamu namna ile. Lilikuwa linayeyuka. Gidamis akamwita Paulina aonje kidogo tu, kipande cha ukubwa wa kidole, akampelekea mkononi. Paulina akampiga mkono, andazi likaruka. Kuku akalikimbilia, akalinusa, akaliacha.

Wakaenda shambani. Mimi nikaenda kwenye mashine, nikasaga mahindi ya watu mchana kutwa.

Jua lilipoanza kuinama kombaini zikarudi. Wakashuka watu wa kombaini ya pili, weupe kwa vumbi, kama kawaida. Wakashuka Gidamis na mwenzake. Walikuwa safi. Safi kabisa, kama watu waliooga wakajipaka mafuta waende kanisani. Nyusi nyeusi. Nguo zinaonekana rangi zake.

"Leo mmelala chini ya mti," nikamtania.

Gidamis hakucheka. "Tumevuna kutwa nzima," akasema. "Hebu jitazame na wewe."

Nikajitazama. Nimesaga tangu asubuhi, na mikono yangu ilikuwa myeusi, haina chembe. Nikapitisha kidole kwenye kope. Hakuna kitu. Nikachota unga, nikajimwagia mkononi mbele yao. Ulifika kwenye ngozi, ukateleza ukaanguka, kama maji kwenye bata.

Hapo tukaanza kutapika. Mwenzake Gidamis ndiye aliyeanza, halafu Gidamis, halafu mimi. Tulikula maandazi, si ndiyo? Tulikula unga uliokandwa na kukaangwa. Nilichotapika mimi kilikuwa ngano. Ngano nzima, yenye ganda lake. Na ilikuwa imeota. Kila punje ina mizizi myeupe, mirefu, imeshikana shikana kama nywele za mtu zilizotolewa kwenye chanuo, na ilipokuwa inatoka nilikuwa naihisi inakwaruza, ikabidi niivute kwa vidole. Nisamehe unayekula. Mimi sikuweza kula. Ganda ambalo sikuwahi kulimimina kwenye mashine lilitoka kwenye tumbo langu.

Nikakimbia nyumbani. "Paulina, umekula? Umeonja?"

"Nimekuambia unanuka maiti," akasema. "Nile maiti?"

Nikakaa chini palepale mlangoni. Unga uliobaki nikaufunga kwenye kopo, na asubuhi mimi na Gidamis tukadandia trekta lililokuwa linaelekea Masakta.

Nyumba ya mwisho kabla ya korongo ilikuwepo. Njia yake imezibwa kwa matawi ya miiba. Kabla hatujayafikia, bibi kizee akatoka nyumba ya jirani, akatusimamisha kwa fimbo yake kutoka mbali.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Msisogee. Mnamtaka nani?"

"Tunamtafuta mama mmoja. Amenyolewa kichwa, ana shuka jeusi."

Bibi akashusha fimbo. Kisha akauliza taratibu, "Mlimpa nini?"

"Hatukumpa kitu. Tulimsagia."

"Mkala?"

"Tukala."

Akarudi nyuma hatua kadhaa, akajifunika mdomo kwa shuka. Akatuambia akiwa huko huko. Huyo ni mkwe wake, mke wa mwanawe. Mimba yake iliharibika, akawekwa metimani humo ndani. Mume alikwenda kutafuta kazi hakurudi. Wao wakawa wanamwachia chakula juu ya jiwe. Mvua zikawa nyingi, korongo likajaa, wakaona aa, ana ngano yake ndani, atajipikia. Wakaacha kwenda.

"Tulijua amekufa kwa harufu," akasema bibi. "Tukamfukia upesi pale nyuma. Hakutolewa metimani. Nani angeingia kumtoa?"

Huyo bibi alisema maneno hayo kama mtu anayeeleza habari za mbuzi. Nikamwambia usoni, kwa heshima ya mvi zake lakini usoni: "Bibi, ninyi mnanuka kuliko yeye." Gidamis akanishika mkono. Sikuomba radhi, na sitaomba. Mila inasema mtu akae peke yake mpaka atolewe. Haisemi asahauliwe.

Nikaruka miiba. Nikazunguka nyuma.

Jua kali, saa za mchana, usisahau. Nyuma ya nyumba kuna kaburi, udongo umetitia, na ndani ya kile kishimo kuna tope bichi. Pembeni rundo la pumba, kubwa, limelowa, limeota ukungu wa kijani, na lote lilikuwa linatembea kwa funza. Ganda lote lilikuwa pale. Alikuwa analiacha kwake, analeta kwetu punje tupu zisizokuwa na kwao, na honi yangu bila ganda haikuweza kuzijua. Na yeye alikuwa amesimama kwenye kinu, anatwanga. Mchi unapanda, mchi unashuka, na hakuna sauti. Hata kidogo. Ungesikia nzi.

Akainua kichwa. "Mmekula?"

"Tumetapika," nikasema.

"Na mama?"

Ndicho kitu pekee alichokitaka. Nilikiona usoni pake. Mimi na Gidamis tulikuwa njia tu.

"Mke wangu hajala," nikasema. "Na hatakula chako. Leo wala kesho."

Mchi ukasimama hewani. "Nani alimwambia?"

"Tumbo lake."

Nikafungua kopo, nikamwaga unga wake juu ya lile rundo. "Chukua chako." Akafungua mdomo. Mdomo ule ulikuwa umejaa pumba, zimelowa, zimebanwa mpaka kooni, na meno yamezama ndani yake. Na kutoka nyuma ya pumba zile ikatoka sauti. Ilikuwa honi. Honi yangu, ile ya ndama aliyekabwa. Gidamis aliisikia kutoka kwenye miiba, na bibi aliisikia, ukienda Masakta ukoo wake watakuambia. Nilifumba macho, na nilipofumbua palikuwa na kinu na mchi ulioanguka.

Siku ile ile tuliwalazimisha watu wa ukoo ule. Gidamis alikaa njiani na fimbo yake, akasema hakuna atakayepita mpaka kazi ifanyike. Wakaja wazee wakinung'unika, wakachinja kondoo, wakamtoa metimani akiwa ndani ya udongo, wakachoma ngano na pumba. Moshi wake ulikuwa mzito, wenye mafuta, ukatulia kwenye korongo mpaka jua linazama. Wengine watasema nimhurumie yule mwanamke. Huruma ninayo kwa yule aliyeachiwa jiwe tupu, bila chakula. Kwa kile kilichokuja na debe mlangoni kwangu sina.

Lakini sisi tulikuwa tumekula, na kilichokuwa chake kilikuwa chetu. Gidamis alirudi kwa ng'ombe zake, kombaini hakuipanda tena. Mimi wazee wa Daudi waliniambia nisimguse Paulina, nisile naye, nisichangie naye maji, mpaka wao waseme. Nililala kwenye mashine. Alikuwa ananiwekea chakula mbali, anarudi nyuma ndipo nakwenda kukichukua, na kila siku, nakuambia kila siku, hakukosa. Tumbo lake lilikua nikilitazama kwa mbali kama mtu anayetazama mvua ya wenzake. Nilisikia kilio cha mtoto kupitia ukuta. Mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti. Walipokuja kunitoa, alikuwa amekwishaanza kutembea, na hakuwahi kubebwa na baba yake.

Sasa ni mtu mzima, ana watoto wake. Akija Katesh ananiamkia vizuri, shikamoo baba, ananiletea maziwa. Ananipenda, sina shaka. Lakini nikimpa chakula kwa mkono wangu, hata ndizi, hata sukari ya mjukuu, anakinusa kwanza. Hajui kwa nini. Hatujawahi kumweleza. Anakinusa, ananiangalia, ndipo anakula. Sikasiriki. Namwambia nusa mwanangu, nusa sana.

Na wewe nakuambia hivyo hivyo. Siku hizi kila kitu kinakujia kikiwa kimekobolewa, kimefungwa, cheupe, na hakuna chombo kinacholia. Usifurahi kwa sababu hakuna kinacholia. Uliza pumba ziko wapi. Mtu akishindwa kukuonyesha, hata akujazie kopo mpaka limwagike, mrudishie, na usiache mwenye mimba asogee karibu.